W moja: siku nilipotangaza matokeo ya Marekani kutoka Tanga

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 4 Novemba 2020, yapata saa nne na nusu, nilifungua kipaza sauti cha redio yetu ndogo hapa Tanga nikasema: "Donald Trump ametangazwa mshindi wa urais wa Marekani."

Hakuna aliyemtangaza. Dakika chache kabla ya hapo alikuwa amesimama mwenyewe Ikulu ya kwao, mbele ya bendera, akasema ameshinda. Kwenye karatasi yangu nilikuwa nimeandika sawasawa: "Trump ametangaza ushindi." Lakini nilikuwa nimekesha tangu saa sita ya usiku, na niliposoma muhtasari nikasema "ametangazwa". Ni w moja tu imeingia katikati ya neno, na habari nzima ikageuka.

Nimekaa na jambo hili miaka kadhaa. Naliandika sasa kwa ajili ya mtangazaji mwenzangu wa redio ndogo, na kwa yeyote ambaye watu wa baraza lake humgeukia kumuuliza "vipi, nani kachukua?"

Nianze na makosa ya mwanzo, maana lile la saa nne na nusu halikuja peke yake.

Wiki moja kabla, Jumatano ya tarehe 28 Oktoba, tulikuwa na uchaguzi wetu wenyewe. Kwetu mambo yana sura moja: nchi nzima ina saa moja, vituo vinafunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa kumi jioni, kura zinahesabiwa kituoni, msimamizi wa jimbo anajumlisha, na matokeo ya urais yanasomwa na Tume, jimbo kwa jimbo, mpaka mwisho. Ijumaa ya tarehe 30 Mwenyekiti wa Tume, Jaji Semistocles Kaijage, alimtangaza John Magufuli mshindi. Kazi yangu usiku ile ilikuwa kusubiri sauti moja kutoka sehemu moja na kuirudia bila kukosea tarakimu. Nikaenda kwenye uchaguzi wa Marekani na mazoea yale yale, kana kwamba na kule kuna Tume itakayokaa mezani na kusoma. Haipo. Kila jimbo lina sheria zake za uchaguzi, saa zake za kufunga vituo na maofisa wake wa kujumlisha, na chini ya majimbo kuna kaunti zaidi ya 3,000. Namba unazoziona kwenye televisheni usiku ule zimekusanywa na vyombo vya habari. Shirika la Associated Press limekuwa likifanya kazi hiyo tangu 1848: lina waandishi kwenye ofisi za kaunti, wanapiga simu, linajumlisha, na likijiridhisha kwamba aliye nyuma hawezi tena kumfikia aliye mbele, linamtaja mshindi wa jimbo hilo. Ni hesabu ya kuaminika sana, lakini ni ya shirika la habari, si ya serikali. Hilo sikulijua vizuri, na sikumuuliza mtu.

Kosa la kwanza lilikuwa kwenye tangazo letu la kuwaalika wasikilizaji. Nilirekodi kwa sauti yangu: "Usiku wa Jumanne, kaa nasi mpaka kieleweke." Jumanne asubuhi mzee mmoja wa Makorora, mstaafu wa bandari, akafika ofisini kwetu kwa miguu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbona jana nimekesha na redio mpaka adhana ya alfajiri, mnapiga nyimbo tu?"

Nilitaka kumwambia kakosea siku. Kabla sijafungua mdomo nikakumbuka hata bibi yangu husema "usiku wa Ijumaa" akimaanisha Alhamisi baada ya magharibi. Kwa wazee wetu wa pwani siku huanza jua likizama. Usiku wa Jumanne ni ule unaoitangulia Jumanne, na yule mzee alikuwa amefanya tulichomwomba. Mimi ndiye niliyemkesheza bure. Ukitangaza tukio la usiku pwani hii sema "usiku wa kuamkia Jumatano". Hapo mzee na kijana wote wataelewa siku moja.

Kosa la pili lilikuwa la saa, nalo liliniuma zaidi kwa sababu nilikuwa nimepewa jibu mkononi. Mwezi wote wa Oktoba nilifanya mazoezi. Nilifuatilia midahalo yao, nikaona tofauti kati yetu na Washington ni saa saba. Nikatengeneza ratiba yote kwa saa saba. Jumapili ya tarehe 1 Novemba dada yangu anayeishi Houston akanitumia ujumbe: "Leo tumerudisha saa nyuma, nimelala saa moja zaidi." Nikamjibu kwa kicheko, nikaendelea na ratiba yangu. Sikuunganisha kabisa. Wamarekani walio wengi hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, na uchaguzi wao huwa Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo mabadiliko ya saa mara nyingi huangukia siku mbili tu kabla ya kura, kama ilivyokuwa mwaka ule. Tofauti ikawa saa nane, na Houston kwa dada yangu saa tisa, badala ya nane niliyoizoea.

Basi nikawaahidi wasikilizaji kwamba vituo vya kwanza, sehemu za Indiana na Kentucky, vinafungwa saa saba usiku. Saa saba ikafika, hakuna kitu. Robo, nusu, hakuna kitu. Mvua ya vuli inapiga bati la studio, fundi mitambo ananitazama kupitia kioo, simu zinaingia, nami napiga taarab moja baada ya nyingine. Saa nane kamili ndipo namba za kwanza zikaanza kutiririka. Saa nzima ya usiku mzito nilikuwa nimewapotezea watu waliowasha redio kwa kuniamini mimi.

Kuna jambo lingine dogo la lugha lililotusumbua usiku ule. Sisi tunasema "jimbo" kwa eneo la mbunge, Tanga Mjini kwa mfano, na tunasema "jimbo" hilo hilo kwa Pennsylvania, ambayo ina watu zaidi ya milioni kumi na mbili. Kijana akapiga simu kutoka Mabawa akauliza mbunge wa Pennsylvania ni nani. Swali lake lilikuwa na mantiki kabisa. Toka hapo nikawa nafafanua mapema, na nafafanua pia kwamba kila jimbo lina idadi yake ya wajumbe wanaomchagua rais, jumla 538, na anayefikisha 270 ndiye anayepita. Usipolisema hilo kila nusu saa, msikilizaji atajumlisha kura za wananchi na kukuuliza kwa nini 2016 Hillary Clinton alizidi kwa kura kama milioni 2.9 na bado akashindwa.

Alfajiri ilikwenda vizuri kiasi. Ilipofika saa moja na dakika ishirini asubuhi, televisheni moja ya Marekani, Fox News, ikampa Joe Biden jimbo la Arizona. Nyingine hazikumpa. Associated Press ilimpa saa tatu na nusu baadaye, na kuna walioendelea kusubiri zaidi ya wiki. Ndiyo maana siku zile redio moja ikisema Biden ana wajumbe 264 na nyingine ikisema 253, zote zilikuwa zinasema kweli, kila moja ikifuata mhesabuji wake. Mimi nilichanganya. Nilichukua namba hapa, nikachukua nyingine pale, na kuna dakika ambayo Biden alishuka hewani kwangu kutoka namba kubwa kwenda ndogo. Msikilizaji mmoja akaniuliza kama kura zimeibwa. Nilishindwa kumjibu, na ukimya wangu ule nadhani ulipanda mbegu mbaya zaidi kuliko namba yenyewe.

Kisha ikaja ile saa nne na nusu.

Nikirudi nyuma naona kwamba w haikutoka kwenye uchovu peke yake. Moyoni nilikuwa nimeshaamini. Pennsylvania Trump alikuwa mbele kwa zaidi ya kura laki tano, na kwa mazoea yetu pengo la laki tano halizibiki. Kumbe sikujiuliza swali la pekee lililofaa: kura zilizobaki ziko wapi, na ni za akina nani?

Mwaka ule wa korona mamilioni walipiga kura kwa posta. Trump alikuwa amewahimiza wafuasi wake waende vituoni wenyewe, wa Biden wakajaa kwenye posta. Sheria ya Pennsylvania haikuruhusu bahasha hizo zifunguliwe kabla ya asubuhi ya siku ya uchaguzi. Florida iliruhusu kuzishughulikia mapema, ndiyo sababu Florida ilijulikana usiku ule ule. Kwa hiyo waliopiga kura mapema kabisa Pennsylvania ndio waliohesabiwa mwisho kabisa. Siku mbili baadaye mvuvi mmoja alipiga simu kutoka Deep Sea, hapa hapa Tanga, akaeleza kuliko nilivyoweza mimi: "Dada, madau hayarudi pamoja. Aliyevua karibu anawahi mnadani, bei ya asubuhi unaiona kwa samaki wake. Wa mkondo wa mbali bado wako njiani. Huwezi kusema leo bahari imetoa nini mpaka na wao watue." Lile pengo la laki tano lilipungua saa baada ya saa, likaisha, na mwisho Biden akapita pale kwa kura kama 80,000.

Lakini Jumatano ile nilikuwa nimeshasema. Mhariri aliingia studio ndani ya dakika tano, tukasahihisha, ila neno lilikuwa limeshatoka Ngamiani na kufika Pongwe. Kwenye maskani moja ya barabara ya kumi na mbili vijana wawili walikuwa wamewekeana shilingi elfu hamsini. Aliyemshika Biden alilipa papo hapo, kwa kuisikia redio yetu. Jumamosi usiku alikuja kuitafuta hela yake, mwenzake alikuwa ameshaitumia. Nililipa mimi. Si kwamba kuna aliyenilazimisha, na kamari siiungi mkono, ila sikuweza kumtazama yule kijana usoni. Juu ya hizo kuna bando la intaneti, petroli ya jenereta, bodaboda za usiku, na wiki mbili nilizoondolewa kwenye kipaza sauti. Sisi wa redio ndogo tunalipwa posho kwa kipindi, kwa hiyo wiki mbili bila kipindi ni wiki mbili bila kitu. Mama yangu hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Uliharakia wapi?" Nililia.

Jumamosi, tarehe 7, nilikuwa nyumbani Chumbageni, watu wakielekea swala ya Isha. Simu ikaita, dada yangu wa Houston. Kwake ilikuwa saa nne na nusu kasoro asubuhi, kwangu saa moja na dakika ishirini na tano usiku. Mashirika ya habari yalikuwa yamempa Biden Pennsylvania, na kwa hiyo urais. Siku nne tangu vituo vifungwe.

Nikiwa nimesimamishwa, nilikwenda Makorora kumwomba radhi yule mzee kwa usiku wake wa bure. Nilimkuta barazani. Nilipomweleza na habari ya saa saba na saa nane akaomba kalamu. Alifanya kazi ya ukarani gatini kwa miaka mingi, na meli, alisema, hazikadirii tofauti ya bandari na bandari. Zinaanzia Greenwich. "Sisi tuko mbele ya Greenwich saa tatu, mwaka mzima, hatubadiliki. Wao andika wako nyuma kiasi gani siku hiyo hiyo ya tukio, si mwezi uliopita. Jumlisha. Halafu ndiyo utafsiri kwa saa yetu ya Kiswahili, mwisho kabisa, si mwanzo." Washington Novemba iko nyuma ya Greenwich saa tano. Tano na tatu, nane. Sijawahi kukosea tena.

Muda ule niliutumia kusoma, na nikagundua kwamba saa imewaangusha wakubwa kuliko mimi. Mwaka 2000 televisheni kubwa za Marekani zilimpa Al Gore jimbo la Florida kama dakika kumi kabla ya saa mbili usiku ya Washington. Florida ina majira mawili: upande wake wa magharibi uko nyuma kwa saa moja, na vituo vya huko vilikuwa bado viko wazi. Baadaye wakamnyang'anya Gore, wakampa George W. Bush, wakamnyang'anya na yeye usiku ule ule. Kesi ikafika Mahakama ya Juu Desemba, na tofauti rasmi ikabaki kura 537. Kuyajua hayo hakukunipunguzia kosa. Kulinifundisha nianze kujiuliza, kabla ya kutaja jimbo lolote, kama vituo vyote vya jimbo hilo vimefungwa.

Nilijifunza pia kwamba hata ile ya Jumamosi haikuwa tangazo la kisheria. Majimbo yanathibitisha matokeo yao kwa wiki kadhaa. Wajumbe walipiga kura zao tarehe 14 Desemba, na Bunge likakaa kuzihesabu tarehe 6 Januari 2021, siku ambayo jengo lao lilivamiwa. Makamu wa Rais Mike Pence alisoma jumla, 306 kwa 232, usiku wa manane wa kwao, na hapa Tanga ilikuwa tarehe 7 Januari, inakaribia saa sita mchana. Kama nilitaka sana kusema "ametangazwa", saa yake ilikuwa ile, na jina lilikuwa jingine.

2024 nikapewa tena usiku ule. Nilikubali baada ya siku mbili za kufikiri. Kitu cha kwanza nilichofanya na vijana wa chumba cha habari ni kupiga marufuku kauli ya kutendwa kwenye matokeo. Hakuna "ametangazwa", hakuna "imeripotiwa", hakuna "amepewa". Kila sentensi ianze na mwenye kauli: Associated Press limemtaja, Trump amedai, ofisa wa Georgia amesema. Ukilazimika kumtaja anayesema, huwezi kuficha kwamba humjui. Tukachagua shirika moja la kufuata namba zake, tukawaambia wasikilizaji ni lipi na kwa nini.

Nikachukua karatasi ya manila nikaandika saa kwa Kiswahili chetu, kwa namna ya mzee wa Makorora. Saa nane usiku, sehemu za Indiana na Kentucky. Saa tisa, Georgia na sehemu kubwa ya Florida. Saa tisa na nusu, North Carolina na Ohio. Saa kumi, Pennsylvania na sehemu kubwa ya Michigan. Saa kumi na moja alfajiri, Wisconsin na Arizona. Saa kumi na mbili, Nevada. Saa moja asubuhi, California. Saa tatu, visiwa vya mwisho vya Alaska, na hapo nchi nzima imefunga. Jumanne saa mbili asubuhi tulisoma hata matokeo ya Dixville Notch, kijiji cha New Hampshire kinachopiga kura usiku wa manane: Kamala Harris, mshindani wa Trump mwaka ule, kura 3, Trump 3. Tulieleza kwa upole kwamba hizo ni kura sita za kijiji kimoja.

Hata hivyo nilikosea tena, kwa upande wa pili. Kwa jeraha la 2020 niliwaambia watu wajiandae kwa siku kadhaa. Sikufikiria vya kutosha kwamba korona imepita, kura za posta zimepungua, Michigan imeruhusu bahasha kushughulikiwa mapema. Saa nne kasoro asubuhi Fox News ikamtaja Trump. Shirika tulilolifuata lilikuwa bado kimya. Simu zikaanza: mbona mnachelewa, wenzenu wameshasema. Tulikaa karibu saa nne tukisema kila mara, "Fox News imemtaja Trump, Associated Press bado inahesabu." Wapo waliotuhama, tuliwasikia jirani wakifungulia redio nyingine. Lilikuwa jambo gumu kuliko kukesha.

Saa saba na dakika thelathini na nne mchana Associated Press ikampa Trump jimbo la Wisconsin, akavuka 270. Mimi nilikuwa nimeshapumzishwa, nimekaa kwenye kiti cha nyuma. Kijana wetu akasoma: "Associated Press limemtaja Donald Trump kuwa mshindi. Majimbo bado yanaendelea kuthibitisha, na Bunge lao litahesabu kura za wajumbe tarehe 6 Januari." Aliisoma polepole, kila neno na mwenyewe wake.

Ile manila bado iko ukutani studio. Chini yake tumeshaongeza mstari: uchaguzi Jumanne, 7 Novemba 2028, saa zinarudishwa Jumapili, 5 Novemba, tofauti saa nane. Tumeuandika kwa penseli, kwa sababu kwao wamekuwa wakijadili kuacha kubadilisha saa, na wakiacha mstari huo hautakuwa sahihi. Pembeni nimeandika namba ya simu ya dada yangu, na maneno mawili: muulizeni kwanza.